Kabala Iliyofanya Niitwe Mchawi

Shikamooni wazazi wangu. Na ninyi wajane na wagane wenzangu, poleni na mihangaiko ya wiki. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba nisimame leo, nami nimesimama, ingawa wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kuongea mbele za watu. Nimezoea kusikiliza. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu kwa miaka mingi.

Kabla sijaanza, naomba mambo mawili. La kwanza, sitamtaja mtu jina, aliye hai wala aliyekufa. La pili, kuna neno nitalisema hapa ambalo baadhi yenu litawasimamisha masikio. Msitoke. Nivumilieni mpaka nimalize, kisha mnihukumu mnavyotaka.

Mimi ni mzaliwa wa Kagera, upande wa Muleba, nimelelewa Kilutheri. Nilikuja Mwanza nikiwa msichana, nikaajiriwa opereta wa simu katika ofisi moja ya pamba. Vijana hamjui kazi hiyo. Zamani mkubwa wa ofisi akitaka kuongea na Shinyanga, anamwambia opereta, na opereta anachomeka waya kwenye ubao. Ukishachomeka unatakiwa uondoe sikio lako. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sikio halina mlango. Niliwasikia watu wakiwaambia wake zao wako safari na kumbe wako chumba cha pili. Niliwasikia wakisifiana, na simu ikikatika wanatukanana. Nikajifunza kwamba kila mtu ana sauti mbili. Ndivyo nilivyogeuka mtu wa kushuku. Wengine wanashuku bure, mimi nilishuku kwa mshahara.

Nikaolewa na Msukuma wa Magu, dereva wa lori, mtu wa kucheka. Tukapata binti mmoja, tukajenga vyumba vyetu Mkuyuni. Mdogo wa kike wa mume wangu, wifi yangu, akaja kukaa nasi ili afanye biashara ya dagaa sokoni. Tuliishi vizuri. Wifi alikuwa hodari wa kupika kuliko mimi, na mimi sikuona wivu, nilikula tu.

Likaja soko huria. Watu binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, kila mmoja na mzani wake, na mizani ile mnaikumbuka. Mkulima anashusha mzigo ulioivunja familia yake mgongo, mshale unasogea kama mgonjwa. Ofisi yetu haikuweza kushindana. Tukaitwa, tukaambiwa asanteni kwa utumishi wenu. Mume wangu akahamia kwa mnunuzi mmoja, akawa analala njiani, anakula popote.

Siku moja alirudi safari amechoka. Wifi alimpikia sato, akala. Asubuhi mimi nikampa chai. Kufika mchana tumbo likambana, akawa anajikunja kitandani kama mtoto. Tulimpeleka hospitali, wakampasua, lakini hakumaliza wiki. Daktari alitukalisha, mimi na wifi, akatuambia utumbo ulikuwa umejisokota. Lakini niambieni, msibani nani anataka kusikia habari za utumbo? Watu walikuwa wanaulizana, alikula wapi mara ya mwisho? Nani alimpa?

Na jibu lilikuwa pale pale nyumbani. Samaki alipikwa na wifi. Chai niliipika mimi.

Hatukuambiana neno. Ila tulipotoka kumzika Magu na kurudi Mkuyuni, wifi akanunua jiko lake la mkaa. Mimi nikabaki na langu. Nyumba moja, majiko mawili. Anapika chake, napika changu, binti yangu anakula kwangu na ninamkataza asionje kwa shangazi yake. Tulichobaki tunashirikiana ni mtungi wa maji tu, kwa sababu bomba lilikuwa mbali na maji ni mazito kuteka mara mbili. Tunasalimiana asubuhi, "Umeamkaje wifi," "Salama wifi," na kila mmoja anamtazama mwenzake mikononi.

Hali hiyo ndiyo iliyonikausha. Njaa naijua, haikuwa njaa. Nilikuwa nikiamka najiuliza, nimeletwa duniani nichomeke waya, niolewe, nizike, halafu nilinde sufuria? Kanisani niliimba kwaya lakini wimbo uliishia kooni. Nilikwenda kwa mganga mmoja Igogo, akaniambia mume wangu ameuawa na mtu mfupi, mweusi kidogo. Nilikwenda kwenye mkutano wa wahubiri wageni, wakaniambia ni laana ya ukoo. Kila niliyemwendea alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa tayari hata kabla sijamaliza kueleza. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinauzwa, na majibu pia.

Bosi wangu wa zamani akanitafutia kazi katika kampuni moja ya kigeni iliyokuwa ikichoronga miamba kutafuta dhahabu. Ofisi yao ilikuwa ndani ya nyumba ya kupanga, juu Isamilo. Kazi ilikuwa ile ile, simu. Mkuu wa kampuni alikuwa na mke, mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, mwembamba, Kiswahili chake alikipata Moshi walikoishi zamani. Nitamwita mama wa Isamilo.

Kila Jumatano alasiri mama huyu alikaa barazani na watu wawili. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu, Mhaya mwenzangu. Mwingine Mhindi mmoja, muuza vitambaa wa mjini. Wanafungua kitabu, wanasoma mstari mmoja, wanaujadili mpaka jua linashuka. Mimi niko dirishani na simu zangu. Nikawa najiuliza, watu watatu ambao hawana udugu wowote, wanasoma mstari mmoja alasiri nzima, wanatafuta dhahabu ya nani? Nilidhani ni wapelelezi. Nilidhani ni wale watu wa chama cha siri, wenye alama ya bikari na pembemraba, ambao mjini watu walikuwa wakinong'ona habari zao. Nikatega sikio, na neno nililolinasa mara nyingi ni kama kabila.

Siku moja nikapeleka chai, nikasimama.

"Samahani mama. Nawasikia mnasema kabila. Mnazungumzia kabila gani?"

Mwalimu akacheka mpaka akaweka miwani chini. "Si kabila, binti yangu. Kabala."

"Ndiyo nini, mwalimu?"

"Muulize mwenyewe."

Mama wa Isamilo akasema, "Ni elimu ya watu wangu, Wayahudi. Ya siku nyingi sana. Inahusu Mungu na jinsi ulimwengu ulivyotoka kwake. Neno lenyewe maana yake ni kupokea."

"Na ni ndugu na neno letu la kukubali," mwalimu akaongeza. "Kukubali tumelitoa kwa Waarabu. Kiarabu na Kiebrania ni watoto wa mama mmoja."

Nikauliza, "Kupokea nini?"

Mama akanitazama. "Hilo ndilo tunalosoma."

Nikaondoka na sinia langu. Lakini neno likanifuata hadi Mkuyuni. Mimi nilikuwa mtu ambaye hata kikombe cha maji cha wifi yangu sikipokei, halafu kuna watu wanakaa kusomea kupokea. Jumatano iliyofuata nikamwomba anifundishe. Mnajua alinijibu nini? Alikataa.

"Una umri gani?"

"Thelathini na sita."

"Wazee wetu walisema mtu afikishe arobaini kwanza. Awe ameyasoma maandiko ya kawaida akashiba. Awe na nyumba iliyotulia."

Nikamwambia, "Nyumba yangu haijatulia, mama. Mume amekufa."

"Pole sana. Ndiyo maana nasita. Mtu mwenye jeraha akipewa mambo ya siri, huyageuza kisu."

Basi nikazidi kushuku. Mjini wahubiri wanakuvuta mkono, waganga wanabandika vibao kwenye nguzo, huyu anaficha bidhaa. Anaficha nini? Nilimsumbua wiki nyingi. Mwishowe akasema, "Anza na herufi. Ukichoka, hujapoteza kitu."

Ndugu zangu, nikaanza kujifunza herufi za Kiebrania kama mtoto wa chekechea. Ninazikariri nikiwa nafua, nikiwa napepeta mchele. Alef, bet, gimel, dalet. Nikizimaliza zote narudi mwanzo. Nilipozijua, mama akanihadithia jambo moja la elimu ile. Alisema, hapo mwanzo Mungu alijibana ili kutupa nafasi ya kuwepo. Kisha akamimina nuru katika vyombo. Vyombo havikustahimili, vikapasuka, na cheche za nuru zikatawanyika kila mahali, kwenye mawe, kwenye chakula, kwenye watu. Kazi ya mwanadamu ni kuziokota pale alipo na kurekebisha kilichopasuka.

Ilikuwa hadithi nzuri. Lakini mimi nilitaka yangu. Nikamwuliza, "Na mume wangu, mama? Elimu hii inasemaje? Nani alimfanya vile?"

Akajibu, "Sijui."

"Baadaye, nikiendelea kusoma, nitajua?"

"Sidhani. Mimi nasoma tangu nywele zangu nyeusi, na kuna mambo yangu sijui."

Nawaambia wazi, nilitoka pale nimekasirika. Mwalimu gani huyu asiye na jibu? Nikasema lazima kuna kitu ananificha, na mimi nina njia ya kukijua. Simu zake zote zinapita kwangu. Alipoomba kuongea na dada yake ng'ambo, nikamuunganisha, nami nikabaki kwenye laini. Waliongea lugha nisiyoijua. Sikuelewa hata neno moja. Halafu nikasikia mama wa Isamilo analia. Kilio nilikielewa. Nikatoa waya taratibu.

Jumatano akaniita nikae. Akaniambia siku ile ya simu ilikuwa siku wanayomkumbuka baba yao. Baba yao na watu wengi wa ukoo wao waliuawa kule Ulaya wakati wa vita, yeye akiwa mtoto aliyefichwa kwa majirani. Kwa hiyo anaposema sijui, anamaanisha hajui.

"Mama," nikasema, "nilikuwa nasikiliza."

"Najua. Ukisikiliza, laini inapumua."

Hakunifukuza. Alinisogezea kitabu. Siku hiyo ndiyo naihesabu kuwa nilianza kusoma kweli. Nilimwamini kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kutoniuzia jibu. Lakini nyumbani sikusema. Wifi angeuliza, na mimi sikutaka ajue lolote langu.

Sasa sikilizeni siri inavyofanya. Wifi alinisikia. Si mara moja. Ananisikia asubuhi, nimeinamia mtungi nachota maji, midomo inacheza, alef, bet, gimel. Anasimama nyuma ya pazia, anasikiliza maneno ambayo si Kihaya, si Kisukuma, si Kiswahili. Masika yale maji yalichafuka mtaa mzima, watu wengi waliharisha. Wifi naye akashikwa na tumbo. Mimi sikushikwa, kwa sababu nilizoea kuchemsha ya kwangu na ya mtoto. Weka mambo hayo pamoja, ndugu zangu. Ningekuwa yeye, ningesema nini?

Alimwambia jirani kwamba mjane wa kaka yake ananuizia maji. Jirani akamwambia mwingine. Neno Kabala nalo likatoka, sijui kwa nani, likazunguka mtaa likiwa limevaa nguo mpya kila nyumba. Wengine walisema nimejiunga na kabila la majini. Wengine walisema Wazungu wa dhahabu wanataka damu ili miamba ifunguke, na mume wangu ndiye aliyekuwa malipo. Sokoni nikinunua nyanya muuzaji ananiwekea chenji mezani, hanipi mkononi.

Mchungaji alikuja nyumbani. Alikuwa mtu wa haki, sina ugomvi naye. Aliniuliza, "Mama, Neno la Mungu halikutoshi?" Nikamwambia linanitosha, ila mimi ndiye nimekuwa mdogo, sijui pa kulipokelea. Hakunielewa, na kusema kweli hata mimi sikujielewa. Akaniomba nipumzike kwaya mpaka mambo yatulie. Nikapumzika. Nilianza kumshuku hata mama wa Isamilo upya. Labda watu wanaona jambo ambalo mimi silioni? Labda hata yale machozi kwenye simu yalipangwa?

Kisha ikaja siku nisiyotamani mtu yeyote aione. Nilirudi kutoka kazini, nikakuta chumba cha wifi kitupu, na nguo za binti yangu hazipo. Alikuwa darasa la pili. Mama mmoja wa jirani akaniambia bila kunitazama, "Wamekwenda Magu. Ukoo wa mumeo umeita kikao. Wamesema na wewe uje."

Mnaotoka upande ule mnajua neno mchawi lilivyokuwa miaka ile. Likishatamkwa kikaoni, halirudi mikono mitupu. Kuna wanawake waliokatwa mapanga kwa macho mekundu tu, macho ya kupulizia kuni. Nilikaa chini nikashindwa kulia.

Mama wa Isamilo alitaka kuja nami. Alisema, "Nitawaeleza." Nikamwambia, "Mama, wakikuona wewe, watakuwa wamepata ushahidi." Aliinamisha kichwa. Mwalimu ndiye aliyesema jambo la maana. Alisema, "Ulichowaficha ndicho wanachokiogopa. Usiende kujitetea. Nenda uwaonyeshe."

Nikapanda gari kwenda Magu.

Kikao kilikuwa uani kwa wazazi wa marehemu mume wangu. Walikuwepo baba mkubwa, kaka wa baba mkwe, mzee mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Walikuwepo wajomba, na wanaume wawili wa sungusungu, walinzi wa kijiji, na filimbi zao shingoni. Mama mkwe alikaa kwenye ngozi karibu na mlango, binti yangu yuko mapajani mwake. Wifi alisimama ukutani. Nilipiga magoti nikaamkia. Waliitikia, lakini kwa chini.

Baba mkubwa akasema, "Mkwe, mtoto huyu ni damu yetu. Tumesikia unasema maneno kwenye maji. Tumesikia umejiunga na kitu cha Wazungu. Sema mwenyewe, sisi si watu wa kumhukumu mtu kwa kusikia."

Mmoja wa sungusungu akadakia, "Aape kwanza."

"Nimesema aseme," mzee akajibu.

Nikaanza kueleza, nikasikia sauti yangu imekuwa ya kiofisi, ile sauti ya pili. Mama mkwe akanikatiza. Hakuwa mwanamke wa kusema vikaoni, kwa hiyo wote waligeuka.

"Mwanangu, hayo maneno ya kwenye mtungi. Yaseme hapa. Tuyasikie wote."

Wifi akashtuka. "Mama, atatuloga wote."

"Basi tulogwe pamoja. Sema."

Nikasema. "Alef." Nikasikia mtu akivuta pumzi. "Bet. Gimel. Dalet."

"Maana yake?" baba mkubwa akauliza.

"Ni herufi, baba. Kama a, be, che. Ni za Kiebrania, lugha ya Agano la Kale. Kila herufi zamani ilikuwa picha ya kitu. Gimel ni ngamia. Dalet ni mlango."

"Na ile ya kwanza?"

"Alef ni ng'ombe, baba. Dume. Walichora kichwa chake na pembe. Na bet ni nyumba."

Mzee akaegemea fimbo yake. "Hebu chora."

Nikachora kwa kidole mavumbini, kichwa cha ng'ombe na pembe mbili, kama mama wa Isamilo alivyonichorea. Baba mkubwa akasogea kutazama. Wajomba nao wakasogea. Mmoja akasema pembe zile ni za ng'ombe wetu kabisa, za kupanuka. Mwingine akasema hapana, hizo ni za Ankole, za kwa kina mkwe. Wakaanza kubishana habari za pembe. Ndugu zangu, mimi nimepiga magoti nasubiri kufa, wazee wanabishania pembe.

Baba mkubwa akasema, "Watu wanaoanza kuhesabu kwa ng'ombe, kisha nyumba, kisha mlango, hao ni watu wenye mji. Mchawi haanzi na ng'ombe."

Watu wakacheka. Hata yule wa sungusungu alicheka kidogo. Lakini wifi hakucheka. Alikuwa analia kwa hasira, akasema, "Mnacheka. Kaka yangu amekufa. Mimi nataka kujua kaka yangu ameuawa na nani."

Na hapo, wapendwa, ndipo maisha yangu yalipogeuka. Nikamgeukia, nikamwambia, "Wifi, na mimi hicho ndicho nilichokwenda kukitafuta Isamilo. Hakipo. Nimeuliza kwa mganga, nimeuliza kwa wahubiri, nimeuliza kwenye kitabu. Na kwa muda wote huo nilikuwa nadhani ni wewe."

"Mimi?"

"Yule samaki ulimpika wewe."

Alinitazama kama nimempiga kofi. "Nimwue kaka yangu wa tumbo moja? Mimi nilijua ni chai yako."

"Na mimi nimwue baba wa mwanangu?"

Tukabaki tunatazamana. Lilikuwa jambo la ajabu, kumwona mtu kwa mara ya kwanza wakati umekaa naye nyumba moja. Nilimwona amekonda. Alikuwa amekonda kama mimi. Alikuwa akila peke yake, kwa hofu, kama mimi.

Mama mkwe akasimama, akamkabidhi baba mkubwa mtoto, akaingia ndani. Alirudi na sahani moja, ugali na mlenda, akaiweka chini kati yetu. Akasema kwa Kiswahili cha taratibu, "Daktari aliwaambia ninyi wawili utumbo ulijisokota. Mlinificha hata hilo, nimelisikia kwa watu. Mwanangu nimemzika mara moja. Ninyi mnamzika kila siku, kwenye kila sufuria. Kuleni."

Nilitazama ule ugali. Nawaambieni bila aibu, shaka ilikuwepo bado. Ilisema, usile chakula cha watu waliokuita mchawi. Nikakumbuka neno kupokea. Siku zote nilidhani kupokea ni mambo ya mbinguni, kumbe mlango wake ni mdogo hivi, tonge moja. Nikamega. Wifi alisubiri anione nikimeza, kisha naye akamega. Tulikula mpaka sahani ikaisha, watu wazima wakitutazama kama watoto wanaolishwa dawa.

Baba mkubwa akaamua mtoto arudi na mama yake, awe anakuja Magu likizo. Wa sungusungu wakaaga.

Sitawadanganya kwamba yote yalinyooka. Kuna ndugu mmoja wa ukoo mpaka leo hanipi mkono. Mkuyuni minong'ono ilichukua muda mrefu kufa, na wateja wa wifi walipungua kwa sababu alirudi kukaa na mimi. Mchungaji alikuja mwenyewe Isamilo alasiri moja, akasikiliza ule mstari mmoja, akauliza maswali makali, hakurudi tena. Lakini kwaya alinirudisha, akaniambia, "Sikubaliani nao, ila sasa najua ni kitu gani nisichokubaliana nacho." Ningependa wote wanaonishuku wangefanya hivyo.

Kampuni ilihamisha mashine zake, mama wa Isamilo akaondoka. Mimi na mwalimu tunasoma bado, polepole. Sasa umri wa arobaini nimeupita, ile ruhusa ya wazee wake nimeipata kihalali. Sijapata siri yoyote ya kuwauzia. Nilichopata ni kazi: kutazama kilichopasuka karibu yangu, na kuanzia hapo. Simshawishi mtu asome ninachosoma. Ninyi wengi mna mlango wenu, ingieni kwa huo.

Nawashukuru walioniinua. Mama wa Isamilo, aliyethubutu kusema sijui. Mwalimu, aliyeniambia niwaonyeshe. Baba mkubwa, aliyekataa kuhukumu kwa kusikia. Mama mkwe, ambaye tangu siku ile namwita mama tu. Na wifi yangu. Nilimwomba ruhusa kabla ya kusema haya, akanijibu, "Sema, lakini sema na mimi nilikuwa naogopa." Basi nimesema. Alikuwa anaogopa.

Somo langu ni dogo. Mtu akifiwa, shaka huja naye kutoka makaburini, na huja ikiwa na akili nyingi. Msiikaribishe ikae kimya. Ukimshuku mtu, nenda ukamwambie usoni, mbele ya wazee, hata kama sauti inatetemeka. Anaweza kuwa ameketi upande wa pili wa ukuta anakushuku wewe, kwa kilio kile kile.

Namalizia na wewe dada wa kitenge cha bluu, uliyekuja leo mara ya kwanza. Sijui yaliyokupata na sitakuuliza. Nimeona tu kwamba chai uliyopewa hujaigusa mpaka imepoa. Hapa hakuna atakayekulazimisha, na hakuna atakayekucheka. Nikitoka hapa mbele nitakuja kukaa karibu yako. Kama utapenda, nitakunywa mimi kwanza, kwenye kikombe chako.